SOMO: Mwanafunzi Afundishwe Kuiona Saratani Kabla Haijauma



Saratani ya mlango wa kizazi haiumi inapoanza. Karibu mara zote husababishwa na virusi vya HPV, na kwa mwanamke mwenye kinga imara huchukua miaka 15 hadi 20 kujengeka. Mwenye VVU asiyetibiwa, miaka 5 hadi 10. Basi mama anayefika hospitali akitokwa damu alikwisha kupita kwetu mara nyingi: kliniki ya wajawazito, uzazi wa mpango, chanjo ya mtoto. Hakuna aliyemwangalia.

Kwa hiyo mwanafunzi asihitimu kabla ya kumudu mambo matatu:

1. Kinga. Tanzania ilianza kutoa chanjo ya HPV nchi nzima mwaka 2018, kwa wasichana wa miaka 14. Mwaka 2024 ilihamia dozi moja kwa wenye miaka 9 hadi 14. Mwanafunzi ajue kumjibu kwa upole mzazi anayehofia ugumba: chanjo hii haileti ugumba.

2. Uchunguzi. Katika kipimo cha siki, asidi ya asetiki ya asilimia 3 hadi 5 hupakwa kwenye mlango wa kizazi. Baada ya dakika moja hivi huangaliwa kama pametokea weupe uliokolea wenye mipaka. Picha za darasani husaidia, lakini jicho huzoea kwa kuchunguza akina mama, kwa ridhaa yao, faraghani, msimamizi akiwa pembeni.

3. Hatua inayofuata. Weupe si hukumu ya saratani, na mama aambiwe hivyo. Mabadiliko ya awali mengi huweza kutibiwa siku hiyohiyo kwa tiba mgando au tiba ya joto. Panaposhukiwa saratani yenyewe, tiba hizo zisitumike. Apewe rufaa akachukuliwe kinyama cha vipimo, na zahanati ifuatilie kama amefika.

Msamaria Mwema hakuishia kufunga majeraha. Alimfikisha mgonjwa mahali pa kutunzwa. Rufaa isiyofuatiliwa ni kazi ya nusu.

Maswali ya kujadili:
- Wanafunzi wetu huchunguza akina mama wangapi kabla ya kuhitimu?
- Nani kituoni huandika majina ya waliopewa rufaa, na nani huwatafuta wasiorudi?