Usukani wa Gari la Chama: Ondoa Ulegevu Kwanza, Nunua Nguvu Baadaye

SOMO KWA MAKATIBU, WAJUMBE WA KAMATI NA WANACHAMA

Lengo la somo

Baada ya kulisoma na kulijadili somo hili, katibu na wajumbe wa kamati wataweza:
(a) kueleza njia ambayo nguvu za mkono wa dereva hupitia hadi kufika kwenye magurudumu;
(b) kusimamia ukaguzi mfupi wa usukani hapo hapo chamani;
(c) kulipima ombi la kununua vifaa vya kuimarisha usukani kabla fedha za wanachama hazijatoka.

1. Sababu ya somo hili

Ndugu Katibu, huenda ukajiuliza mkaguzi wa hesabu ana habari gani na vyuma vya gari. Nitakujibu kwa kisa kilichonipata mimi mwenyewe.

Miaka michache iliyopita nilikagua hesabu za chama kimoja cha msingi chenye Land Rover 110. Katika jalada la hati za malipo nilikuta kwamba katika msimu mmoja chama kilinunua shokapu ya usukani mara mbili, kisha tairodi nene ya kuimarisha. Ankara zilikuwapo, stakabadhi zilikuwapo, na sahihi zilikuwa kamili. Nilitia alama kwa wino wangu wa kijani, nikafunua ukurasa uliofuata. Sikuuliza swali ambalo hata mtoto angeliuliza: ikiwa kifaa cha kwanza kiliuponya ugonjwa, cha pili kilinunuliwa kwa nini?

Haukupita muda mrefu. Gari lile lilikuwa likiteremka mlima na mbolea ya wanachama, likapiga shimo, na magurudumu ya mbele yakaanza kutetemeka kwa nguvu hata dereva akashindwa kuushika usukani. Gari likaingia mtaroni. Dereva alivunjika mkono. Karani aliyeketi pembeni mwake alinusurika. Fundi aliyelikagua gari baadaye alikuta bushi za mpira za rodi inayozuia ekseli isiyumbe pembeni zimekwisha kabisa, na kingipini ya upande mmoja imelegea. Vifaa vipya vyote vilikuwa vizima. Chama kilikuwa kimenunua nguvu na kuifunga juu ya ulegevu.

Tangu siku hiyo nisomapo hati ya malipo ya vipuri, sitazami sahihi peke yake.

2. Njia ya usukani

Magari yanayotumiwa kwenye njia mbaya za vijijini, kama Land Rover za zamani na Toyota Land Cruiser za mfululizo wa 70 zilizoanza kutengenezwa mwaka 1984, yana ekseli ya mbele iliyo kipande kimoja kutoka gurudumu hadi gurudumu. Muundo huo ni imara, nao unaeleweka kwa urahisi.

Dereva anapozungusha usukani, mhimili wake huzungusha gia zilizomo ndani ya sanduku la usukani, ambalo mafundi huliita stelingi boksi. Sanduku hilo limefungwa kwa bolti kwenye chesesi. Mkono wa chuma utokao katika sanduku husukuma au kuvuta rodi iitwayo draglinki. Draglinki hupeleka mwendo huo kwenye gurudumu moja, na rodi nyingine, iitwayo tairodi, huunganisha gurudumu hilo na mwenzake ili yote mawili yageuke pamoja. Kila gurudumu hugeukia juu ya kingipini zake. Katika magari yenye springi za koili, kama hilo la kisa chetu, kuna pia rodi ya pembeni inayoshika ekseli mahali pake chini ya chesesi. Rodi hiyo haigeuzi gurudumu, lakini ikilegea, ekseli yote huyumba.

Kila mwisho wa draglinki na tairodi una kiungo cha mpira wa chuma kinachozunguka ndani ya kikombe chake. Mafundi hukiita tairodi endi. Land Rover 110 ina viungo vinne vya namna hiyo. Land Rover za Series III, zilizotengenezwa kuanzia mwaka 1971 hadi 1985, zina viungo sita, kwa kuwa mwendo hupitia kwanza kwenye relei iliyofungwa mbele ya chesesi.

Hapa ndipo ilipo hesabu ya somo hili. Kiungo kimoja kikilegea kidogo, dereva hahisi kitu. Lakini ulegevu wa viungo sita, wa relei, wa sanduku na wa kingipini hujumlishwa wote katika mkono wa dereva. Ni sawa na mazao yanayopungua kidogo katika mzani wa kituo, kidogo katika kupakia na kidogo katika ghala: hakuna mahali pamoja panapoonekana wizi, lakini mwisho wa msimu magunia hayatoshi.

3. Ukaguzi uwezao kufanywa chamani

Ukaguzi huu wahitaji watu wawili, chaki, rula, jeki na vigingi imara vya kuegemeza ekseli. Ufanywe mahali tambarare, magurudumu ya nyuma yakiwa yamezuiwa kwa mawe au magogo. Mtu yeyote asiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake.

Kwanza, gari likiwa chini na magurudumu yakitazama mbele, tia alama ya chaki kwenye ukingo wa usukani. Sogeza usukani polepole kushoto na kulia hadi gurudumu la mbele lianze kusogea. Pima umbali uliopotea, uandike. Linganisha na kiwango kilichomo katika kitabu cha gari, kisha linganisha na kipimo cha mwezi uliopita. Kipimo kinachokua mwezi hadi mwezi ni onyo hata kama dereva amekwisha kukizoea.

Pili, mtu mmoja aendelee kuuchezesha usukani huku mwenzake, akiwa pembeni mwa gari, akitazama na kugusa kila kiungo kimoja kimoja. Kiungo kizima husogea pamoja na rodi yake. Kiungo kibovu hucheza kwanza, ndipo rodi ifuate. Atazame pia kama sanduku la usukani lenyewe linasogea juu ya chesesi. Likisogea, bolti zimelegea au chesesi imepasuka. Mwisho atazame bushi za rodi ya pembeni.

Tatu, inua gurudumu la mbele, uegemeze ekseli juu ya vigingi. Shika tairi juu na chini, ulisukume na kulivuta. Likicheza, mwombe mwenzako akanyage breki kwa nguvu, ujaribu tena. Mchezo ukiondoka, beringi za gurudumu ndizo zilizolegea. Mchezo ukibaki, tazama kingipini. Jaribio hili halina gharama yoyote, na lingalifanywa katika chama kile, dereva asingalivunjika mkono.

Nne, tazama mipira inayofunika viungo. Mpira uliochanika huingiza vumbi na maji, na grisi haitadumu. Tazama pia spliti pini za nati: pini ya zamani haifai kurudishwa, na tundu lisipolingana, nati hukazwa zaidi kidogo, hailegezwi.

Jambo moja lahitaji tahadhari. Wapo mafundi ambao, wakiona usukani una mchezo, hukimbilia skurubu ya juu ya sanduku la usukani na kuikaza. Skurubu hiyo ina kazi yake, lakini hurekebishwa baada ya viungo vyote kuthibitishwa kuwa vizima, na magurudumu yakitazama mbele. Ikikazwa mno, gia husagana, usukani huwa mgumu, na haurudi wenyewe baada ya kona.

4. Vifaa vya kuimarisha

Maadam ulegevu wote umeondolewa, chama kinaweza kufikiria kuimarisha, ikiwa kazi za gari zinadai hivyo. Tuvitazame vifaa vinavyoombwa mara kwa mara.

(a) Tairodi na draglinki nene. Rodi za kawaida zaweza kupindwa na jiwe au kisiki. Tairodi iliyo nyuma ya ekseli ikipindika hufupika, na sehemu za mbele za matairi hutengana. Gari huendelea kwenda, lakini matairi hulika upesi kwa pembeni, na chama hulipia matairi kosa la rodi. Rodi nene hustahimili zaidi, kwa hiyo ni kifaa chenye maana. Hata hivyo, pigo ambalo rodi haikulipokea halipotei. Huhamia kwenye viungo, kwenye mkono wa sanduku na kwenye bolti za chesesi. Anayenunua rodi nene hana budi kukagua sehemu hizo zaidi kuliko zamani. Kamwe rodi ya usukani isiunganishwe kwa kuchomelewa, wala isinyooshwe kwa moto. Kabla ya kufungua rodi ya zamani urefu wake upimwe, na baada ya kufunga mpya mwelekeo wa magurudumu upimwe upya kwa kipimo cha kitabu cha gari hilo hilo. Kipimo cha gari moja kisinakiliwe kwa jingine.

(b) Shokapu ya usukani. Kazi yake ni kupunguza mapigo ya mashimo yasifike mkononi mwa dereva. Si dawa ya mtetemo. Shokapu mpya huweza kuuficha mtetemo kwa wiki kadhaa huku bushi na kingipini zikiendelea kulika, kama ilivyokuwa katika kisa chetu.

(c) Usukani wa pawa. Humpunguzia dereva uchovu, hasa gari likiwa na mzigo. Lakini pamoja na sanduku jipya huja pampu, mkanda na mipira ya mafuta, na vyote vyahitaji matunzo. Injini ikizimika njiani, usukani haukatiki bali huwa mzito ghafla. Yapasa dereva alijue hilo mapema. Nguvu ya pawa huweza pia kusukuma viungo vibovu bila dereva kuhisi ukinzani.

(d) Matairi makubwa na kuinua gari. Tairi pana na zito huongeza mzigo kwa kila kiungo tulichokitaja. Gari likiinuliwa, draglinki huinama kuliko ilivyokusudiwa, na gari huweza kujigeuza kidogo kila linapopanda tuta. Katika magari ya springi za koili, kuinua hubadili pia mlalo wa kingipini, na usukani hukosa nguvu ya kurudi katikati. Kwa kazi ya kubeba mbolea na makarani, sioni sababu ya chama kuingia gharama hiyo.

5. Wajibu wa katibu na kamati

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa hiyo:

Daftari la gari liwe na ukurasa wa usukani, wenye tarehe, kipimo cha mchezo, kasoro iliyoonekana na sahihi za watu wawili waliokagua. Malalamiko ya dereva yaandikwe siku hiyo hiyo. Katika chama kile dereva alisema mara tatu kwamba gari linatetemeka. Alisema kwa mdomo, na maneno yake hayakufika kwenye kikao.

Ombi la kununua kifaa cha kuimarisha liambatane na taarifa ya ukaguzi. Taarifa isipokuwapo, ombi lirudishwe. Kamati ijiridhishe kwamba fedha zimo katika makisio yaliyopitishwa na mkutano mkuu, na bei zilinganishwe kabla ya kununua.

Kipuri kipya kipokelewe kwa hati, na kipuri cha zamani kirudishwe chamani, kifungwe kibandiko chenye tarehe, kihifadhiwe hadi hesabu zikaguliwe. Kiungo kibovu kilichomo stoo ni ushahidi unaotosha kumwonyesha mwanachama yeyote kwa nini fedha yake ilitoka.

Mwisho, kifaa cha aina moja kikiombwa mara ya pili katika msimu mmoja, kamati isiidhinishe kabla fundi hajaeleza mbele ya kikao sababu ya cha kwanza kutoponya. Nami nikija kukagua, nitaitafuta taarifa ya maelezo hayo kabla ya kufungua kalamu yangu.

6. Maswali ya kujadiliwa chamani

1. Gari la chama chetu lina viungo vingapi vya usukani? Nendeni mkavihesabu kwa pamoja.
2. Tairi likicheza juu na chini, mtatofautishaje beringi mbovu na kingipini iliyolegea?
3. Dereva anaomba shokapu mpya ya usukani kwa sababu gari linatetemeka. Kamati imjibu nini, na iagize nini kifanyike kwanza?
4. Malalamiko ya mwisho ya dereva wetu kuhusu gari yaliandikwa wapi, na nani aliyasoma?