Mtoto akipata homa ugenini, sema mmetoka Pwani

Familia nyingi za Malindi, Watamu na Kilifi zina jamaa ng'ambo. Tangu Waitaliano walipojenga kituo chao cha kurushia roketi huko Ngomeni katika miaka ya 1960, na baadaye hoteli na nyumba za likizo mjini Malindi, watu wetu wamezoea njia ya Italia. Wengine huenda Uingereza, Ujerumani au nchi za Ghuba. Leo twazungumza nawe mzazi unayejiandaa kuhamia Ulaya na watoto wadogo, au uliyefika juzi tu na masanduku hujamaliza kuyafungua.

Wazazi wanaonijia kabla ya safari huuliza kwanza habari ya baridi. Nyanya naye hukazania sweta na soksi. Baridi yahitaji kuangaliwa, ndiyo, lakini katika majuma ya kwanza mtoto wa Pwani ana adui mwingine, ambaye pengine amesafiri naye ndani ya mwili bila kuonekana. Adui huyo ni malaria.

Malaria husafirije?

Tuseme mtoto ameumwa na mbu usiku wa mwisho nyumbani. Jamaa wamejaa kuja kuaga, watoto wamelala popote, na chandarua kimekwisha kukunjwa. Vimelea vya malaria huingia kwenye ini na kuzaana humo kimya kimya. Mtoto hucheza, hula, na hupanda ndege akiwa mzima. Kwa malaria iliyo kali, ambayo ndiyo iliyoenea zaidi kwetu, homa huanza kwa kawaida kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya kuumwa, na mara nyingine hukawia mwezi mmoja au zaidi.

Kufikia hapo, familia iko Milano au Birmingham. Mtoto anatetemeka, ana joto, anatapika. Watu wa nyumbani husema, "Baridi imempiga." Daktari wa huko, ambaye huenda hajaona mgonjwa wa malaria kwa mwaka mzima, atafikiria mafua kwanza, kwani ndiyo ayaonayo kila siku. Usimlaumu. Daktari hapigi ramli. Hujua yale anayoambiwa na anayopima.

Kuchelewa ni hatari. Mtoto wa chini ya miaka 5 hajajenga kinga ya kutosha, na aweza kuzidiwa kwa siku moja au mbili tu: degedege, upungufu mkubwa wa damu, au kupoteza fahamu. Ni kweli kwamba malaria imepungua Kilifi ikilinganishwa na miaka ya 1990. Lakini haijaisha, na mtoto asiyeumwa na mbu mara kwa mara huwa na kinga ndogo zaidi.

Ufanye nini?

1. Mtoto akipata homa, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Usingoje kesho. Akipata degedege, akilegea au akikosa kuamka vizuri, piga simu ya dharura: 112 nchini Italia, 999 Uingereza.

2. Kabla hujaulizwa, sema: "Tumetoka Pwani ya Kenya tarehe fulani. Huko kuna malaria. Tafadhali mpimeni damu leo." Iandike kwa lugha ya nchi hiyo na uiweke kwenye mkoba. Ukiwa Italia, neno malaria ni lao, maana yake hewa mbaya. Nao waliteswa na ugonjwa huu hadi ulipotangazwa kumalizika kwao mwaka 1970.

3. Kipimo cha kwanza kisipoonyesha vimelea na homa ikaendelea, omba kirudiwe. Vimelea vichache huweza kukosekana leo na kuonekana kesho.

4. Usimpe vidonge vya malaria ulivyofungiwa na nyanya kabla ya damu kupimwa. Dozi isiyotimia hushusha homa na kuficha vimelea, na ugonjwa huendelea chini kwa chini. Dawa ya kutuliza homa yaruhusiwa, kulingana na uzito wa mtoto. Mpunguzie nguo nzito, mnyonyeshe au umpe maji mara kwa mara.

Kijitabu cha kliniki

Kijitabu cha kliniki kibebe mkononi, si ndani ya sanduku linaloweza kupotea. Nchini Italia, sheria ya mwaka 2017 inataka watoto hadi miaka 16 wawe na chanjo 10, na mtoto mdogo asiye nazo hukataliwa katika shule ya chekechea. Kijitabu kitamwepusha mtoto na kudungwa tena sindano alizokwisha kupata. Waonyeshe pia kovu la chanjo ya kifua kikuu kwenye mkono wa kushoto, kwani chanjo hiyo huweza kubadilisha matokeo ya kipimo cha ngozi cha ugonjwa huo. Ikiwa kuna sikoseli katika familia, sema tangu siku ya kwanza.

Jiandikisheni kwa daktari mapema, watoto wakiwa wazima. Kutafuta daktari usiku, na mtoto anachemka mapajani, ni taabu isiyo ya lazima.

Baridi na usingizi

Mvike mtoto nguo nyepesi kadhaa, moja juu ya nyingine. Ni bora kuliko moja nzito. Usiwashe jiko la makaa ndani ya nyumba iliyofungwa. Hewa yake yenye sumu haina harufu ya kukuonya, na yaweza kuua familia nzima usingizini. Kwa kuwa jua ni haba, watoto wadogo huhitaji matone ya vitamini D. Muulize daktari kipimo.

Usingizi nao utayumba kidogo. Wakati wa baridi, Italia iko nyuma yetu kwa saa 2, hivyo mtoto aliyezoea kuamka saa kumi na mbili asubuhi ataamka saa kumi alfajiri. Mtoe nje mchana aone mwanga, na baada ya siku chache atazoea.

Mkirudi likizo

Mtoto aliyekaa Ulaya miaka michache hurudi Malindi kama mgeni mbele ya mbu. Usiseme, "Huyu ni mtoto wa hapa, atavumilia." Nchini Uingereza, wengi wanaougua malaria ni wale waliotoka kutembelea jamaa zao Afrika. Pata dawa ya kinga kabla ya safari, na mtoto alale ndani ya chandarua kila usiku, hata kama binamu zake hawafanyi hivyo.

Andika tarehe mliyoondoka Kenya kwenye jalada la kijitabu cha kliniki, kwa maandishi makubwa. Kwa miezi 3 kuanzia tarehe hiyo, kila homa ya mtoto ihesabu kuwa malaria mpaka kipimo kikatae. Na hata baada ya hapo, kwa mwaka mzima, homa isiyoeleweka ikija, mkumbushe daktari mlikotoka.