Ramadhani, Siku ya 14: Saa ya Mwisho ya Funga Iko Barabarani



Ndugu zangu waumini, wiki iliyopita baada ya Tarawehe ndugu yetu mmoja alinisubiri nje mpaka watu wakaisha. Ameniruhusu nisimulie, jina nimwachie. Anafanya kazi Kariakoo, anakaa Tabata. Siku hiyo foleni ya Buguruni ilikuwa haisogei, na mnajua Buguruni ya saa 12 jioni ilivyo. Daladala ikamchomekea, ikamkwangua kioo cha pembeni. Akashuka. Akamtukana konda tusi la mama, akamkunja shati. Watu wanaamua, yeye hasikii. Adhana ya Magharibi ikamkuta bado ameshika kola ya mtu.

Swali lake: "Sheikh, saumu yangu ipo?"

Nikamjibu kwamba kwa kauli ya wanazuoni walio wengi saumu yake haikubatilika, wala hatailipa siku hiyo. Tusi halifunguzi kama maji yanavyofunguza. Lakini asiondoke na furaha hapo, kwa sababu Mtume (s.a.w.) ametufundisha, na hadithi iko kwa Bukhari, kwamba mtu asiyeacha maneno maovu na matendo yake, Allah hana haja na kuacha kwake chakula na kinywaji. Maana yake saumu inaweza kuwa sahihi kwenye daftari la fiqhi, halafu ujira wake ukawa umeliwa pale pale kwenye taa za barabarani.

Kisha mimi nikamuuliza swali ambalo yeye hakuja nalo: yule konda umemwomba radhi? Akanyamaza kidogo. "Sheikh, gari lenyewe hata namba sikuishika."

Hapa ndipo penye mzigo, jamani. Ukimkosea jirani, mlango wake unaujua. Ukimkosea mkeo, mtakutana usiku. Mtu wa barabarani unamtukana kwa sekunde tano, taa zinaruhusu, anapotea na haki yake mkononi. Ile hadithi ya muflisi tunaisoma kila mwaka: mtu anakuja Siku ya Kiama na swala, funga na zaka, lakini huyu alimtukana, yule alimpiga, basi mema yake yanagawiwa kwao mpaka yanakwisha. Nikiisoma zamani nilikuwa nawaza ndugu waliogombea mirathi, washirika wa biashara, watu wanaojuana. Siku hizi nawaza barabara ya Mandela. Hebu hesabu uliowaporomoshea maneno tangu mwezi uandame. Utawapata wapi?

Nasema hivi nikiwa nami nimo. Ramadhani iliyopita nilikuwa nachelewa kuja kuswalisha Magharibi. Nimevaa kanzu na kofia, nikatanua pembeni ya foleni, kisha nikamchomekea kijana wa bodaboda mpaka akayumba na abiria wake. Na bado nikampigia honi, kana kwamba mwenye kosa ni yeye! Aliposogea dirishani nilijiandaa kwa matusi. Akaniangalia tu, akasema, "Sheikh, na wewe?" Akaondoka. Nimemtafuta vijiweni, sijampata hadi leo. Wanazuoni wanasema asiyepatikana aombewe dua na maghfira, atolewe sadaka kwa niaba yake, na wewe utubie kwa kweli. Nafanya. Lakini ningependa zaidi nimshike mkono.

Sasa, kilichonifikisha pale ni nini? Kuwahi ibada. Nilijiambia naharakia swala, kwa hiyo haraka yangu ni halali. Na wengi wetu saa 11 na nusu jioni tunajiambia tunaharakia futari, na futari ni sunna kuiwahisha.

Twendeni Arafa, mwaka wa 10 Hijria, Hija ya kuaga. Jua limezama, watu wote wanaondoka kwa pamoja kuelekea Muzdalifa, njia moja, wanyama wamejazana. Ni foleni kabisa. Ibn Abbas anasimulia kwamba Mtume (s.a.w.) alisikia nyuma yake kelele na ngamia wanachapwa wakimbie. Akawaashiria kwa mjeledi wake, akawaambia watulie, kwani wema haupatikani kwa kukimbiza wanyama. Katika mapokezi ya Jabir yeye mwenyewe alikuwa amemvuta hatamu ngamia wake Qaswa mpaka kichwa kinakaribia kugusa tandiko. Na Usama bin Zayd, aliyekuwa amepakiwa nyuma yake, anaeleza kwamba alikwenda mwendo wa wastani, na alipopata nafasi mbele aliongeza mwendo. Angalieni uendeshaji huo: pamebana, anazuia, pameachia, anaongeza. Hakuwa mzembe wa kuwachelewesha walio nyuma, na hakumbana mtu.

Usama akamkumbusha swala, naye akamjibu kwamba swala iko mbele yao. (Hiyo hukumu ya kuisogeza Magharibi mpaka Muzdalifa ni ya mahujaji, msije mkaninukuu vibaya.) Ninachotaka mkione ni kwamba hakuna mtu siku ile aliyekuwa na haraka yenye sababu nzuri kuliko wao. Wametoka Arafa! Bado wakaambiwa watulie.

Na futari yenyewe tumeielewa vibaya. Kuharakisha kufuturu ni kufungua jua likishazama bila kuchelewesha. Hakuna aliyesema ni kuharakisha kufika nyumbani. Sunna inatimia kwa tende, na kama hakuna tende, mafunda ya maji. Weka tende tatu na chupa ya maji ndani ya gari, na umekwisha kuiwahi futari hata ukiwa umekwama chini ya daraja la Tazara. Uji, mihogo na sambusa vitakungoja, havina miguu. Anayekimbizana na adhana ili akafungulie mezani kwake anafukuza sambusa, tuseme ukweli.

Kuhusu hasira yenyewe. Tumefundishwa kwamba aliyekasirika akiwa amesimama akae. Wewe uliye kwenye usukani umekwishakaa. Kwa hiyo nusu ya dawa unayo, unachotakiwa ni kutofungua mlango. Ndugu yetu wa Buguruni aliniambia mwenyewe kwamba alipokuwa ndani alikuwa na hasira tu, aliposhuka ndipo akawa mtu mwingine. Kioo kimekwanguliwa? Chukua namba ya gari, muite trafiki, dai haki yako. Kudai haki hakukatazwi. Na yale maneno ambayo mfungaji ameelekezwa kuyasema akitukanwa, kwamba yeye amefunga, wanazuoni wamejadili kama ayatamke kwa sauti au moyoni. Mimi nawashauri ndani ya gari myaseme kwa sauti, hata vioo vikiwa vimefungwa. Anayehitaji kuyasikia ni dereva.

Nanyi abiria, mna sehemu yenu. Ukimwambia kijana wa bodaboda "kanyaga twende, adhana hiyo," naye akapita taa nyekundu au akaingia njia ya mwendokasi, wewe ndiye uliyeagiza. Mtoto anayevuka pale kwenye zebra na bakuli la futari hajui kama mna haraka. Mtume alipotaja haki za njia alitaja kuzuia udhia. Kama kuondoa mwiba njiani ni katika imani, gari lako lisiwe ndilo mwiba.

Na wewe unayesoma darsa hii ukiwa kwenye foleni, mkono mmoja kwenye usukani: weka simu chini, utamalizia nyumbani.

Kuanzia leo baada ya Alasiri akina mama wa msikiti watakuwa langoni na vifuko vya tende tatu tatu na maji madogo. Mwenye gari achukue cha kwake na cha mtu wa gari la pembeni. Vijana wa bodaboda na bajaji wa kijiwe chetu wapewe kwanza, maana wao wengi wanafungulia barabarani mwezi mzima.

Ndugu yetu jana alikwenda kusimama kituoni Buguruni kuanzia saa 10 mpaka adhana, anamtafuta yule konda. Hakumpata. Amechukua vifuko viwili, leo anarudi tena. Muombeeni.

Wabillahi tawfiq.