Mwanamke Mfanyabiashara Safarini: Mambo ya Kufanya na Kutofanya

Kila wiki wanawake kutoka Kariakoo, Mbeya, Mwanza na Arusha hupanda mabasi kwenda Tunduma, Namanga, Mutukula na Kampala kufuata mzigo. Wenye mtaji mkubwa zaidi huruka hadi Dubai, Istanbul na Guangzhou. Safari hizi ndizo zinazolipa ada za shule na kodi za nyumba, lakini wengi huzifanya bila bima, bila kumuaga mtu, na mtaji wote ukiwa umefungwa kiunoni. Mazoea hayo yaachwe. Mtu akidhurika safarini, polisi, kampuni ya bima na mahakama humuuliza jambo lilelile: ushahidi uko wapi? Jibu lake huandaliwa kabla ya kutoka nyumbani.

Kabla ya kuondoka

*Fanya*

1. Mwachie mtu mmoja unayemwamini jina la basi au ndege, namba ya kiti, nyumba ya wageni utakayofikia na siku ya kurudi. Wengi husafiri kimya kimya kwa kuogopa husuda na maombi ya mikopo. Huhitaji kutangaza mtaa mzima, ila awepo mmoja wa kuanza kukutafuta simu yako ikizimika.

2. Piga picha pasipoti, tiketi na hati ya bima, kisha mtumie mtu huyohuyo. Mkoba ukiibwa, nakala ziwe zimebaki nyumbani.

3. Kama unakokwenda wanadai chanjo ya homa ya manjano, chanja angalau siku 10 kabla ya safari. Tangu Julai 2016 cheti hicho ni cha maisha. Anayekutisha kwamba kimeisha muda kwa sababu ya miaka 10 anataka hela yako.

4. Ukiwa mjamzito, muone daktari kwanza. Mashirika mengi ya ndege hudai barua ya daktari baada ya wiki 28, na mengi hayampokei aliyefikisha wiki 36.

*Usifanye*

5. Usinunue tiketi kwa mpiga debe. Nunua tiketi ya kielektroniki, na jina lililoandikwa liwe lile la kwenye kitambulisho chako. “Mama Asha” halitoshi. Sheria inalitaka basi liwe na bima kwa ajili ya abiria, lakini aliyeumia bila tiketi ataanza kwa kubishana kama kweli alikuwamo ndani.

6. Usibebe mtaji wote taslimu. Pindo la kanga na mkanda wa kiunoni vinajulikana na kila kibaka. Tumia benki au simu, ubaki na za njiani tu. Ukilazimika kuvuka na dola 10,000 au zaidi, zitamke kwa forodha; usipozitamka zinaweza kutaifishwa.

Bima

*Fanya*

7. Kata bima ya safari kabla ya kuondoka, na uhakikishe kwamba kampuni na wakala wanatambuliwa na TIRA, mamlaka inayosimamia bima Tanzania. Lipa ada yote, upewe risiti. Ahadi ya wakala kwamba “tutamalizana ukirudi” si bima.

8. Soma mambo matatu kabla ya kutia saini: kiwango cha juu cha kulipia matibabu, gharama za kukurudisha nyumbani ukiwa mgonjwa au ukifariki, na orodha ya mambo yasiyofidiwa. Nchi za Schengen zinadai bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000. Hata kama huendi Ulaya, tumia kiwango hicho kupimia unachouziwa.

9. Weka namba ya dharura ya kampuni kwenye karatasi, si kwenye simu pekee. Mikataba mingi inataka wapigiwe kabla hujalazwa, au mara tu unapolazwa.

10. Mzigo ukatie bima yake. Bima ya safari hufidia nguo na begi lako kwa kiwango kidogo. Marobota ya vitenge na makasha ya viatu vya kuuza hayamo.

*Usifanye*

11. Usifiche kisukari, presha au ujauzito unapojaza fomu. Ada utakayookoa ni ndogo, na kampuni ikigundua ina haki ya kukataa madai yote.

12. Usidhani kadi ya bima ya afya ya nyumbani inavuka mpaka. Kwa kawaida haivuki.

13. Usipande bodaboda ugenini kabla hujajua mkataba wako unasemaje kuhusu pikipiki. Mingi inaziondoa.

Njiani

*Fanya*

14. Funga mkanda muda wote, hata usiku, hata jirani akicheka. Omba kiti karibu na mwanamke mwingine. Ni haki yako kuomba.

15. Dereva akikimbiza gari kupita kiasi, sema kwa sauti na uwashawishi abiria wengine waseme. Kikomo cha basi Tanzania ni kilomita 80 kwa saa. Akikaidi, pigeni 112.

16. Basi likifika usiku wa manane, subiri ndani ya stendi, penye taa na watu, mpaka kupambazuke au aje unayemjua. Tangu mabasi yaruhusiwe tena kusafiri usiku mwaka 2023, wanaoshuka stendi ya Mbezi, Dar es Salaam, saa tisa usiku ni wengi, na wanaowavizia wanalijua hilo.

*Usifanye*

17. Usinywe wala kula ulichopewa na jirani usiyemjua, awe mzee wa heshima au mama mwenye mtoto. Dawa za kuwalewesha abiria huwekwa kwenye juisi na biskuti.

18. Usiache mzigo kwenye buti bila stakabadhi. Neno la konda halilipwi fidia.

Mpakani na ugenini

*Fanya*

19. Pita kituo rasmi, pasipoti igongwe muhuri. Kwa bidhaa zilizotengenezwa ndani ya Afrika Mashariki zenye thamani isiyozidi dola 2,000, omba cheti rahisi cha uasili. Zikikidhi masharti hazitozwi ushuru wa forodha.

*Usifanye*

20. Usipite njia za panya. Anayekuvusha anajua kwamba ukibakwa au ukiporwa utaogopa kwenda polisi. Woga huo ndio mtaji wake.

21. Usimwachie mwenyeji, wakala wala “kaka wa mjini” pasipoti yako.

22. Usibebe begi la mtu. Si la shemeji, si la mchumba uliyekutana naye mtandaoni. Sheria ya China inaruhusu adhabu ya kifo kwa anayesafirisha gramu 50 za heroini. Bima haikusaidii hapo, na “nilipewa tu” ni utetezi mgumu sana kuuthibitisha.

Likitokea la kutokea

*Fanya*

23. Ukiibiwa, nenda polisi siku hiyohiyo uchukue RB, yaani namba ya taarifa yako. Mikataba mingi inataka taarifa ndani ya saa 24.

24. Ukiumia kwenye ajali, hakikisha PF3, fomu ya polisi ya majeruhi, imejazwa, piga picha namba ya gari na stika ya bima, na utunze kila risiti ya hospitali.

25. Ukibakwa, nenda hospitali mara moja. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU lazima zianze ndani ya saa 72, na kila saa ina uzito. Usioge wala kufua nguo kabla ya kupimwa. Ukifika kituo cha polisi, ulizia Dawati la Jinsia na Watoto. Kosa ni la mbakaji. Halikutokana na mavazi yako, saa uliyosafiri, wala kusafiri peke yako.

*Usifanye*

26. Usitie saini karatasi ya “kumaliza mambo” inayoletwa kitandani na mtu wa mwenye basi. Ukishasaini, huenda umefuta madai yako yote kwa nauli ya kurudia nyumbani.

Agizo la mwisho ni kwa viongozi wa vikoba, kwa kuwa mitaji mingi ya safari hizi hutoka kwenye masanduku yao. Asiyeonyesha hati ya bima asipewe mkopo wa kufuata mzigo, na ada ya bima ihesabiwe ndani ya mkopo wenyewe. Mkopaji akipatwa na ajali bila bima, deni hubaki kwa wadhamini na gharama za hospitali kwa watoto wake. Kanuni hii iandikwe kwenye katiba ya kikundi, na mwenyekiti awe wa kwanza kuifuata.