Nyoka wa Kedowa: Maswali na Majibu

Je, nyoka wa Kedowa ni wale wale wa pwani?

Aghalabu sivyo, kwa kuwa nyoka hana joto lake mwenyewe bali hulipata kwa jua. Na maadamu Kedowa iko zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, karibu na msitu wa Mau, chatu na koboko, wapendao nchi za chini zenye hari, huwaachia nyanda hizo za juu wenzao wanaostahimili baridi.

Wale wembamba wa kijani tuwaonao mtoni, si mamba wenye sumu?

Mamba wa kijani maskani yake ni misitu ya pwani, na jamaa yake mwingine hukaa misitu ya magharibi kama Kakamega. Huyu wa mtoni huogelea akiwinda vyura na samaki wadogo, wala hana sumu ya kumdhuru mtu. Hata hivyo, kwa kuwa wako nyoka wa mitini wafananao naye ambao sumu yao huua, asiyewajua kwa yakini asimshike yeyote.

Ni yupi wa kuhadhari naye zaidi?

Kifutu, mnene na mfupi, mwenye kichwa kipana na mistari ya pembe mgongoni, ambaye hakimbii asikiapo mshindo wa miguu, bali hutulia akitegemea rangi yake ifananayo na majani makavu, hata akanyagwe. Basi tembeeni usiku na taa, na viatu miguuni.

Mtu akiumwa?

Msimchanje, msimfunge kamba, wala msifyonze jeraha. Mlazeni, kiungo kilichoumwa kisitikiswe, apelekwe hospitali upesi. Shirika la Afya Duniani lilitia kuumwa na nyoka mwaka 2017 katika orodha ya maradhi ya nchi za joto yaliyopuuzwa.

Wazee walikataza kumwua nyoka aliyeingia nyumbani. Je, ni ushirikina?

A. C. Hollis, katika kitabu chake cha mwaka 1909 juu ya Wanandi, ndugu wa Wakipsigis wa hapa Kedowa, aliandika kwamba nyoka aliyepanda kitanda cha mwanamke hakuuawa, kwa itikadi kwamba ni roho ya mzee au jamaa aliyefariki, iliyoleta bishara ya uzazi salama. Mambo ya roho si elimu yangu. Lakini najua kwamba nyoka wa kahawia aingiaye majumbani hufuata panya walao mahindi yenu, na yule mdogo wa bustanini hula konokono waharibuo mboga. Amri ile, kwa sababu yoyote iliyowekwa, ilimhifadhi mlinzi wa ghala, nami nawasihi mwihifadhi: kaeni mbali naye, mwachieni mlango wazi, atoke.