Redio ya Mkoani Inaishia Wapi? Tupime Mbeya na Iringa

Wanachuo wenzangu, ubishi wa hosteli kuhusu redio ipi inafika mbali hauishi. Wa Mbeya anataja Bomba FM, wa Iringa anataja Ebony FM. Mimi nasema tuanze na milima.

Mawimbi ya FM husafiri karibu kama mwanga wa tochi: yakikuta mlima, nyuma yake panabaki kivuli. Kukadiria ni rahisi. Chukua kipeuo cha pili cha kimo cha antena kwa mita, zidisha kwa 4.12, unapata kilomita. Antena iliyo mita 100 juu ya uwanda inafika kama kilomita 41. Iliyo mita 900, kama 124, kama hakuna kizuizi.

Sasa tazama Mbeya. Jiji liko kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, kilele cha Loleza mita 2,656. Mtambo ukiwa juu kule, njia ya kwenda Chimala na uwanda wa Usangu iko wazi zaidi. Tukuyu, ingawa kwa mstari mnyoofu iko karibu kuliko Chimala, imejificha nyuma ya Poroto na Rungwe.

Iringa mambo ni mengine. Mji umekaa juu ya ukingo, Ipogolo iko chini, kwenye Ruaha Mdogo. Mtu wa bondeni anaweza kuwa jirani kabisa na mnara na redio ikakwaruza, huku wa mbali aliye mwinukoni anasikia safi.

Na ukisikia redio ya Iringa ukiwa Mbeya mjini, usidhani mawimbi yameruka milima yote hiyo. Kuna mtambo mwingine umefungwa hukohuko, kwa kawaida kwenye masafa tofauti.

Linamhusu nini mwalimu? Machi 2020 shule zilipofungwa kwa corona, masomo yalirushwa redioni. Ukitoa kazi ya kusikiliza redio, mtoto wa bondeni ataonekana mvivu, kumbe yuko kivulini.

Kwenye BTP nitaanza na hili: kila mwanafunzi asikilize stesheni ileile, saa ileile, antena imevutwa yote. Alama 0 ni kimya, 1 inakwaruza, 2 inaeleweka, 3 ni safi. Tutaziweka kwenye ramani ya vijiji. Hilo ni somo la Jiografia na Fizikia bila gharama, na mwalimu anajua nani apewe kazi kwa njia nyingine.