Haki ya Mtoto Anyonyaye

Watu wengi hudhani kwamba dini ni sala na saumu tu, wala haina neno juu ya mtoto anyonyaye. Lakini Kurani Tukufu, katika Sura Al-Baqara, aya ya 234 (ikihesabiwa na Bismillahi), imeweka muda wa kunyonyesha kuwa miaka miwili kamili kwa atakaye kuutimiza. Papo hapo imemwagiza baba amlishe na kumvika mama huyo kwa kadiri ya uwezo wake. Tena aya hii imo katikati ya hukumu za talaka. Basi hata mke aliyeachwa anayo haki hiyo. Na baba akifa, wajibu humwangukia mrithi.

Elimu ya leo inathibitisha hekima hiyo. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto anyonye ndani ya saa moja baada ya kuzaliwa, apewe maziwa ya mama peke yake kwa miezi 6, kisha aendelee kunyonya pamoja na vyakula vingine hata miaka 2 au zaidi. Maziwa ya kwanza, yale mazito ya manjano ambayo wengine huyamwaga, humkinga na maradhi. Mama naye hufaidika: mji wa mimba hujikaza, damu hupungua, na hatari ya saratani ya matiti hupungua.

Sasa tutazame Dodoma. Mvua za Ugogo ni za msimu mmoja, yapata Desemba hadi Aprili, na mama hana budi kupalilia uwele na mtama. Mtoto akiachwa nyumbani, hupewa mapema uji mwepesi na maji ya lambo, na kuhara huanza. Kumbe karibu sehemu 88 katika 100 za maziwa ya mama ni maji, nayo ni salama!

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 humpa mwajiriwa likizo ya uzazi ya siku 84, na hadi saa 2 kwa siku za kunyonyesha. Lakini mama alimaye shamba lake Bahi au Kongwa hana mwajiri. Nani atampa saa hizo? Kurani imekwisha jibu: ni baba wa mtoto. Basi mume na ashike jembe, ateke maji, ahakikishe mkewe anakula na kushiba. Katika Ramadhani asimlazimishe kufunga, kwani mnyonyeshaji ameruhusiwa kula. Na kumwachisha mtoto ziwa kuwe kwa mashauriano na ridhaa ya wote wawili.

Mwenyezi Mungu atuwezeshe kuitimiza haki hii. Amin.